Gari Linalotengua Udhu

Wembley, London
3 Februari 2025

Mume wangu Akil,

Pokea salamu za mkeo mkongwe, ambaye baridi ya mwaka huu imemkaa magotini kama mpangaji asiyelipa kodi. Magoti kando, mimi mzima, alhamdulillahi. Mamako Munira ana zamu za usiku hospitalini, kwa hivyo tunapishana mlangoni tu, yeye akiingia kulala, mimi nikitoka kwenda dukani. Dadako Nasra ameota urefu na ulimi wake ni ule ule. Nikimwambia "njoo ule" anaelewa, anakuja, anakula, lakini jibu lake ni la Kiingereza. Nimeweka nadhiri: siku atakayonisemesha Kiswahili kwa hiari yake, nitapika biriani nyumba nzima ile na majirani.

Jirani mwenyewe, Lilaben, anakusalimu. Yule hajabadilika. Amekaa Wembley miaka mingi kuliko mimi, lakini akijigonga kidole bado hulia kwa Kiswahili cha Mombasa.

Sasa jambo lenyewe. Ulisema kwenye simu kwamba gari lenu limekamilika. Sikukuelewa vizuri, maana Nasra aliiweka simu kwenye spika na kila mtu akawa anasema. Ndiyo sababu napenda barua, haikatizwi na mtu. Nimekwisha kuwaambia wanawake wote wa darasa la Ijumaa kwamba mjukuu wangu, niliyemlea kwa mikono hii, ametengeneza saluni kubwa huko Australia. Mmoja akaniuliza kama wanasuka nywele pia. Nikamwambia saluni ya gari, mama, milango minne na buti nyuma! Basi wakataka kujua linaitwaje. Nikasema nimesahau, na wallahi sijasahau, hujaniambia.

Jama! Mtu atajisifiaje kwa gari lisilo na jina? Niletee jina.

Mkeo asiyezeeka,
Bibi Mwanatumu

*

Melbourne
24 Februari 2025

Mke wangu wa pekee,

Barua yako imefika na doa la chai pembeni, nikajua uliiandikia jikoni. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama mbele ya feni. Huku joto limetushika koo. Mimi mzima, nakula, na kabla hujauliza, ndiyo, naswali.

Nimefurahi kwamba unanisifu, lakini usiwaambie watu nimetengeneza gari peke yangu. Unajua ilivyokuwa. Viwanda vikubwa vya magari vya huku vilifungwa, watu wakaambiwa Australia haitachora tena saluni yake yenyewe. Wazee waliobaki na ujuzi wao mikononi wakakataa, wakafungua kampuni ndogo. Mimi walinipa kiti cha nyuma. Kwa miaka minne kazi yangu imekuwa hiyo, kiti cha nyuma na mlango wake.

Nikupe siri moja. Kiti kile nimekichora nikikufikiria wewe, unavyoingia garini kwa kutanguliza makalio, buibui umelikusanya mkononi, huku ukimlaumu dereva kwa jambo ambalo hajalifanya bado. Kimo cha kiti ni kimo cha magoti yako.

Tutalizindua mwezi wa Juni. Likipendwa, mikataba yetu itaongezwa. Lisipopendwa, kampuni itafunga milango, nami ruhusa yangu ya kukaa nchi hii imefungamana na kazi hii. Kwa hivyo niombee.

Kuhusu jina, hilo ni siri ya kampuni, siwezi kulitaja. Je, magoti unayapaka mafuta niliyokuletea?

Mumeo,
Akil

*

Wembley
15 Machi 2025

Mume wangu msiri,

Tuko kwenye mfungo, na nakuandikia saa hii ya alasiri ambapo tumbo linanung'unika na hasira ziko karibu. Munira anafunga huku akifanya kazi, Mungu amlipe. Nasra anafunga pia, isipokuwa mdomo.

Nimeyapaka mafuta. Usinizungushe.

Mtoto akizaliwa, siku ya saba hupewa jina na watu wakala nyama. Gari lenu limezaliwa, lina magurudumu, lina taa, na bado mnalificha jina? Hata Lilaben ameshangaa. Mimi nimeanza kushuku kwamba mmelipa jina la mwanamke, na mwanamke huyo ni mke mwenzangu. Kama ni hivyo nieleze mapema nijipange.

Lakini hata usiponieleza, dawa imepatikana. Paresh, mwanawe Lilaben, ameona kwenye simu kwamba gari litaonyeshwa hapa London kabla ya kuzinduliwa kwenu, katika ukumbi mmoja karibu na uwanja wa mpira, Jumamosi ya tarehe 12 Aprili. Yeyote anayetaka anajiandikisha. Nasra ametuandikisha mimi na Lilaben. Kutoka hapa ni basi moja tu, tena la bure kwa vikongwe.

Nitakikalia kiti changu, na jina nitalisoma kwa macho yangu.

Mkeo mwenye wivu,
Bibi

*

Melbourne
31 Machi 2025

Mke wangu,

Idi njema kwako na kwa wote. Tuliswali uwanjani, mvua ikatunyeshea kwenye rakaa ya pili. Niliporudi nikaikuta barua yako, na tangu hapo sijala hata tende.

Nakuomba usiende. Na kama ni lazima uende, usiende na Lilaben.

Ningekupigia simu, lakini mdomo wangu haujapata kulitamka neno hili mbele yako tangu nilipokuwa na miaka sita, uliponisugua ulimi kwa sabuni. Na sitaki ulisikie kwenye spika ya Nasra. Heri kuandika, maana karatasi haina macho.

Gari linaitwa JAMBA.

Ndiyo, mke wangu. Lile lile. Hakuna maana nyingine iliyojificha.

Ilikuwa hivi. Kelvin, mkuu wetu wa mauzo, aliwaita watu wa matangazo watafute jina. Walitaka neno zito, lenye ukubwa wa tembo na mlio wa ngoma, wakachanganya silabi mpaka wakapata hilo. Wakatuita sote kwenye mkutano, wakaliandika ubaoni kwa herufi kubwa. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma kabisa. Kicheko kikanitoka, nikakigeuza kikohozi. Kelvin akaniuliza, "Akil, umelipenda?" Watu wote wakageuka. Nikasema, "Lina nguvu." Wakapiga makofi.

Hayo yalitokea Novemba. Katika kampuni nzima mimi ndiye ninayejua Kiswahili peke yangu, na kila nikitaka kusema, naukumbuka mkataba wangu. Mtu mdogo wa viti vya nyuma atawaambiaje wakubwa kwamba jina walilolipia wataalamu ni la chooni? Nikasema kesho, kesho ikawa mwezi. Wamekwisha kutengeneza herufi zake za chuma, moja moja, zinang'aa.

Nimeona aibu, Bibi. Ndiyo maana nilikuficha.

Mumeo,
Akil

*

Wembley
14 Aprili 2025

Mume wangu,

Barua yako imefika leo asubuhi. Maonyesho yalikuwa juzi. Posta nao.

Sisi wazima. Munira amepata mapumziko, amelala tangu jana.

Tulikwenda. Gari ni zuri sana, jeusi, refu, linajiheshimu. Kiti nimekikalia. Niliingia kwa namna yangu na magoti hayakulalamika hata mara moja, nikatamani nilale humo. Allah akubariki mikono.

Juu ya lile jina sina la kusema. Tuliliona, tukarudi nyumbani. Lilaben anaumwa mbavu kidogo.

Usiniulize zaidi, nina nguo za kuanika.

Mkeo,
Bibi

Tena: huyo Kelvin wenu, je, ni mtu mrefu mwenye masharubu mekundu? Nauliza tu.

*

Melbourne
2 Mei 2025

Mke wangu,

Nguo zimekauka?

Mimi mzima wa mwili. Huku baridi imeanza na majani yanaanguka. Sasa nisikilize.

Kelvin, ambaye ni mrefu na masharubu yake ni mekundu, amerudi kutoka London na furaha ambayo sijapata kuiona kwa mtu mzima. Ametukusanya sote. Anasema huko London walikuja wanawake wawili wazee, mmoja wa buibui, mwingine wa sari, marafiki wakubwa. Kitambaa kilipovutwa na jina likaonekana, wanawake wale walicheka mpaka mlinzi akawaletea viti. Kelvin akawaendea kwa heshima, akawauliza jina lina maana gani kwao. Wakanong'onezana. Kisha yule wa sari akamwambia kwamba kwa Kiswahili ni upepo.

Upepo, Bibi!

Sasa ukuta wa ofisi una bango refu: "Jamba, Upepo wa Kusini." Na Kelvin amekumbuka kwamba ana Mswahili wake mwenyewe. Siku ya uzinduzi, tarehe 20 Juni, anataka nipande jukwaani mbele ya kamera, niwaambie watu kwa Kiswahili jina la gari na maana yake. Ameniuliza kama nina kanzu. Video itapelekwa mpaka Kenya, kwa sababu huko usukani uko kulia kama huku, na wanatumaini kuuza.

Hebu fikiria. Mombasa nzima itaniona. Mwalimu wangu wa madrasa ataniona, nimevaa kanzu, nimesimama kando ya gari jeusi, natamka neno lile kwa sauti na kuliita upepo wa kusini.

Nikiwaambia ukweli sasa, wataniuliza nilikuwa wapi tangu Novemba, na mkataba nitausahau. Nisipowaambia, nitasimama mbele ya dunia nikisema uongo ambao kila Mswahili ataujua. Usiku nageuka upande huu na upande huu. Nifanyeje?

Na tafadhali niambie kilichotokea Wembley.

Akil

*

Wembley
16 Mei 2025

Jama, jama, jama!

Mume wangu, hata salamu zimenipotea. Sote wazima, Munira mzima, Nasra mzima, magoti yako palepale. Sasa nakuambia yote.

Tulifika mapema, tukakaa mbele. Mlangoni palikuwa na mlinzi, kijana Mkongo anaitwa Godson, alitusikia tukisema Kiswahili akatushika mkono kama mamaze, akatutafutia nafasi. Muziki ukapigwa, taa zikazimwa. Lilaben akanishika kidole, akasema, "Mwanatumu, sasa tutajua jina la mke mwenzako." Kitambaa kikavutwa. Nikaona gari, machozi yakanilenga, maana niliiona kazi ya mjukuu wangu. Kisha nikasoma nyuma.

Nilisoma mara ya kwanza nikadhani ni miwani. Nikamuuliza Lilaben, "Wewe unasoma nini?" Alikuwa amejifunika uso kwa sari na mabega yanamtikisika. Nami nikashindwa. Unajua kicheko cha mahali pasipofaa, kama cha msikitini, kadiri unavyokibana ndivyo kinavyoongezeka. Nikamtazama Godson, naye amegeukia ukuta, redio yake inamuita na yeye hawezi kujibu. Walikuwako na wasafishaji wawili Wakenya, nao wameinamia ndoo.

Ndipo huyo Kelvin wako akaja, mpole, akachuchumaa mbele yetu. "Kina mama, jina hili lina maana gani kwenu?" Akil, ungekuwa wewe ungesemaje? Mwanamume nisiyemjua, yuko miguuni pangu, ananiita mama. Godson yuko pale, kijana wa umri wa mjukuu wangu. Na mkate wako uko mkononi mwa mtu huyu. Ulimi ukakataa. Nikamnong'oneza Lilaben, maana Kiingereza chake kimenyooka kuliko changu, "Mwambie ni upepo unaotengua udhu." Nilidhani nimepata njia ya adabu.

Lilaben akatafsiri "upepo." Nusu ya pili ikamkwama kooni kwa haya. Yeye ni Mhindu, udhu ataueleza wapi? Kabla hajaokota maneno, mtu wako amekwisha kuruka juu kwa furaha, anamkumbatia kila mtu. Tukasema basi, ameridhika, twende zetu. Kwenye basi tulicheka tena mpaka Lilaben akashika mbavu. Nyumbani ndipo nilipoanza kuogopa, na barua yako iliponifika nikaogopa zaidi, nikajificha nyuma ya nguo za kuanika.

Basi adabu yetu imekuponza. Wewe ulinyamaza kwa heshima, mimi nikapunguza kwa heshima, Lilaben akakata nusu kwa heshima, na sasa heshima hiyo hiyo inataka kukuvika kanzu ikutoe mbele za watu ujiaibishe. Si heshima tena hiyo.

Sema, mume wangu. Sema kabla hujapanda jukwaani, na usipunguze kama sisi. Unadhani wazee wetu hawakuwa na maneno mazito ya kusema mbele za watu? Walikuwa nayo, ndiyo maana wakatuachia hashakum. Unasema kwanza "hashakum si matusi," kisha unalitoa neno lenyewe, zima, bila ya kulivika nguo. Ukishasema hashakum, hakuna wa kukusugua ulimi kwa sabuni. Hata mimi.

Na kama watakufukuza kwa kusema kweli, chumba chako kiko hapa. Nasra amekijaza viatu, lakini viatu huhamishwa.

Neno likikaa tumboni huuma. Ukilitoa unapumua, hata kama wenzako watashika pua.

Mkeo anayekuombea,
Bibi Mwanatumu

*

Melbourne
23 Juni 2025

Mke wangu, mshauri wangu,

Salamu kwako, kwa Mama, kwa Nasra na viatu vyake, na kwa Lilaben na mbavu zake. Mimi mzima. Mzima kweli, wala si mzima wa kuandikia barua. Nimelala usiku kucha kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana.

Barua yako ilifika siku ya Ijumaa. Jumatatu nikaomba kikao. Tulikutana karakana, kando ya gari lenyewe, mimi, Kelvin, na mzee mwenye kampuni, ambaye alianza maisha akiwa fundi wa bodi na bado anatembea na bisibisi mfukoni. Nikasema kwa sauti, kwa Kiswahili, "Hashakum si matusi."

Wakadhani ni dua. Mzee akavua kofia, Kelvin akainamisha kichwa.

Nikaona nikingoja nitacheka, kwa hivyo nikalitoa. Nikawaambia kwa Kiingereza neno lile maana yake nini, zima, kama ulivyonifundisha. Nikawaambia tena si jina hata kidogo, ni amri: gari linamwambia kila aliye nyuma yake afanye hivyo. Kelvin akauliza kwa sauti ndogo, "Lakini wale wanawake walisema ni upepo." Nikamwambia ni upepo kweli, tena ni wa kusini kweli, ila ni kusini mwa mtu.

Mzee alikuwa wa kwanza. Alianza kama anayekohoa, kisha akafungua mlango wa nyuma akajitupa kwenye kiti changu, akacheka humo mpaka gari likayumba. Kelvin alikuwa amegeuka rangi ya masharubu yake. Akatoka nje. Nikasema basi, yamekwisha, nikaanza kufikiria chumba chenye viatu. Akarudi, akanikazia macho. "Kwa nini hukuniambia?" Nikamwambia niliogopa kazi yangu. Akasema, "Na ningesimama Nairobi mbele ya wanunuzi, ingekuwaje kazi yangu mimi?" Akanipa mkono, akaniomba msamaha kwamba aliniuliza mbele ya watu badala ya kuniuliza kando. Bibi, nilitaka kulia.

Kukabaki shida ya herufi. Zimetengenezwa tayari na uzinduzi umekaribia. Mzee akatoka ndani ya gari akipangusa macho, akazunguka nyuma, akachomoa bisibisi yake na kuing'oa ile B. Akasogeza A ya mwisho kwa kidole. "Na hili," akaniuliza, "linamtukana nani?"

Nikasoma. JAMA.

Nikaitoa barua yako mfukoni nikawaonyesha mstari wa kwanza, umeliandika mara tatu. Nikawaambia hilo ndilo analolisema bibi yangu akishangaa, na ndilo analowaitia watu wake. Mzee akataka kujua bibi yangu ni nani. Kelvin, aliyeiona anwani ya Wembley juu ya barua, alilikumbuka lile buibui la London kabla sijajibu. Akakaa chini sakafuni.

Uzinduzi ulikuwa Ijumaa. Sikuvaa kanzu, nilivaa suti aliyonichagulia Mama. Waliokuja kwa wingi ni wazee waliofanya kazi katika viwanda vilivyofungwa. Gari lilipofunuliwa hawakupiga makofi kwanza. Walilisogelea, wakawa wanalipapasa paa na milango, wanafungua na kufunga wasikie mlio wake. Mmoja alikaa kwenye kiti cha nyuma akakataa kutoka. Nikapanda jukwaani, nikasema "Jama!" kama unavyosema wewe, na nikaeleza maana yake bila ya kuficha kitu. Watu wakaitikia, ukumbi mzima, kwa lafudhi zao. Oda zilizoingia siku ile zinatosha kampuni kupumua.

Mkataba wangu umeongezwa. Mungu akijalia, Desemba nitakuja kukuona.

Ndani ya bahasha hii kuna kitu kizito kidogo. Mzee amenipa ile B niitupe. Nimeona si ya kutupwa. B ni ya Bibi.

Mumeo anayepumua,
Akil

*

Wembley
10 Julai 2025

Mume wangu Akil,

Mkeo anakusalimu kutoka kwenye kiti cha jikoni, dirisha liko wazi, jua limetukumbuka. Munira amekwisha kuisoma barua yako mara tatu na kila mara analia mahali pale pale, pa wale wazee na milango. Mimi nililia pia, nikasujudu hapo hapo karibu na jiko, na magoti yakaniwia radhi. Nimefarijika, mwanangu. Tangu Aprili nilikuwa nalala na jiwe kifuani, nikijua ni nusu ya neno langu iliyotaka kukupotezea kazi.

Lilaben amemwambia Paresh amnunulie gari hilo. Paresh amesema atafikiria. Wanawake wa darasa la Ijumaa wamelijua jina, wote wamelipenda, na lile la kwanza nimewasimulia pia, kwa hashakum. Hatukusoma sana siku ile.

Herufi yako imefika. Nimeisimamisha dirishani, inang'aa. Nasra akarudi kutoka shule, akaiokota, akataka kujua B ni ya nini. "What's the B for?" Nikamkalisha, nikamsimulia kisa chote tangu mwanzo, kwa Kiswahili chetu, na neno lenyewe sikulipunguza. Alisikiliza bila ya kugusa simu. Mwishoni akaitazama B, akanitazama mimi, na kicheko kikaanza kumpanda.

"Bibi," akasema, "kwa hivyo Kaka alikuwa anatengeneza gari la kujamba?"

Sentensi nzima, mume wangu. Kitenzi mahali pake, kwa hiari yake, jikoni kwangu.

Nikamwambia akatawadhe, kisha akamwite Lilaben, leo tunakula biriani.

Mkeo,
B